Nafsi, Nia na Mzigo wa Mwenzio: Uhakiki wa Istilahi za Kumwelewa Mtu, kwa Mifano ya Njia ya Tabora

Utangulizi

Miongoni mwa taaluma ambazo istilahi zake hazijatulia katika Kiswahili ni ile ichunguzayo jinsi mwanadamu anavyojifunza kuzitambua fikira zake mwenyewe na fikira za wenziwe. Vifaa vya ufundi na vya ofisi vilipata majina mapema, kwa kuwa kitu chenyewe huonekana, na mtu akikosea jina lake huweza kuoneshwa kwa kidole. Nia, dhana, shaka na tamaa hazioneshwi kwa kidole. Mfasiri akizikosea hakuna wa kumsahihisha papo hapo, na kosa huendelea kuishi katika vitabu, madarasani na katika majalada ya serikali.

Jambo hili si la wanazuoni peke yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikikitumia tangu zamani. Sasa ngazi za juu nazo zinatakiwa kukitumia. Katika kesi nyingi za jinai swali kubwa si mshtakiwa alifanya nini, bali alikuwa na nia gani alipofanya, na aliamini nini wakati ule. Kadhalika, walimu wa shule za msingi siku hizi hupokea watoto wenye usonji, na huandikiwa maelekezo kuhusu watoto hao kwa maneno yaliyofasiriwa. Neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kumpeleka mtu gerezani, au kumfanya mtoto aitwe mjinga maisha yake yote.

Makala haya yanakusudia kuhakiki baadhi ya maneno yatumikayo katika uwanja huo, na kuyapima kwa msamiati uliokua kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mwendo wa yapata kilomita 1,200. Tumeichagua njia hiyo kwa sababu ya wazi. Ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili kiliacha kuwa lugha ya watu wa pwani tu, kikawa lugha ya watu wasiojuana. Asiyemjua mwenziwe hulazimika kuikisia nia yake; na anayekisia huhitaji maneno.

Akili, roho, moyo au nafsi?

Mwaka 1978 wataalamu wawili, Premack na Woodruff, waliuliza kama sokwe anaweza kutambua kwamba mwingine ana nia na mawazo yake. Walikipa kipaji hicho jina la Kiingereza ambalo tafsiri yake ya neno kwa neno, ile ambayo mfasiri mwenye haraka huiandika bila kusita, ni "nadharia ya akili". Hatuna budi kulisema wazi: tafsiri hiyo ni mbaya.

Ubaya wake ni wa namna mbili. Kwanza, neno nadharia katika shule zetu ni kinyume cha vitendo. Mwanafunzi husoma nadharia ubaoni, kisha huenda karakana kufanya vitendo. Mtoto wa miaka minne anayejua kwamba mama yake hajui biskuti zimefichwa wapi hana nadharia yoyote kwa maana hiyo, anatenda tu. Pili, na hili ndilo kubwa, neno akili katika matumizi ya kila siku ni neno la sifa. Tukisema "mtoto huyu ana akili" tunamsifu kwa wepesi wa kuelewa. Tukisema "hana akili" tunamtukana. Ni kweli kwamba ipo methali isemayo akili ni nywele, kila mtu ana zake, na humo akili imekaribia maana ya fikira za kila mmoja. Lakini hata humo mkazo uko kwenye busara ya kuamua, wala si kwenye yale mtu anayoyaamini, anayoyataka au anayoyaogopa.

Sasa na tuangalie matokeo. Mwaka 1985 Baron-Cohen, Leslie na Frith walichapisha utafiti ulioonesha kwamba watoto wengi wenye usonji waliowapima walishindwa jaribio la kutambua kwamba mtu mwingine anaamini jambo lisilo kweli, ingawa umri wao wa kiakili, kwa vipimo vya kawaida, ulitosha kabisa kulifaulu. Yaani maana nzima ya utafiti ule ilikuwa kwamba jambo hilo si akili kwa maana ya wepesi wa kuelewa. Mfasiri akiandika kwamba mtoto mwenye usonji "ana upungufu wa nadharia ya akili", mzazi wa Sikonge au Nzega atasoma maneno mawili tu: upungufu na akili. Amepewa kinyume cha kile kilichosemwa.

Neno roho nalo halifai. Limebeba uhai na imani za dini, na katika mazungumzo ya kawaida limekuwa kipimo cha wema: roho nzuri, roho mbaya. Moyo una nguvu zaidi, kwa kuwa Mswahili hufikiri na huhisi kwa moyo, na husema neno "moyoni" pale wengine wasemapo "kichwani". Lakini moyo pia ni ushujaa, ni bidii ya kujitolea, tena ni kiungo cha mwili kinachotibiwa hospitalini. Istilahi haipendi neno lenye kazi nyingi kiasi hicho.

Limebaki nafsi. Neno hili lina sifa moja ambayo walimu wa sarufi wanaifahamu kuliko wanasaikolojia. Katika sarufi tunasema nafsi ya kwanza, nafsi ya pili na nafsi ya tatu: mimi, wewe, yeye. Neno lilo hilo latumika kwa msemaji, kwa anayesemeshwa na kwa anayesemwa. Kwa hiyo kila mtoto aliyepita darasani amekwisha kufundishwa, bila kujua, kwamba nafsi si yake peke yake. Kwamba "yeye" ni nafsi kama "mimi" alivyo nafsi. Zamani waliojaribu kuliita somo zima elimunafsi waliliona jambo hilo. Jina lao lilishindwa na saikolojia, nasi hatuoni haja ya kuvirudia vita vilivyokwisha. Lakini kushindwa kwa jina la somo si sababu ya kuliacha neno nafsi lisitumike ndani ya somo.

Maneno ya mzigo

Mpagazi wa karne ya kumi na tisa alibeba yapata frasila mbili, kilo 30 na ushei, kwa muda wa miezi. Burton na Speke walipofika Tabora Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, waliikuta njia imekwisha kuwa na desturi zake, viongozi wake na lugha yake. Wanyamwezi ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kazi hiyo. Si ajabu basi kwamba maneno mengi ya hali ya nafsi katika Kiswahili yana harufu ya mzigo, ijapokuwa mengine ni ya zamani kuliko misafara yenyewe.

Angalia kitenzi pagaa. Maana yake moja ni kuchukua mzigo begani, na humo tumempata mpagazi. Maana yake nyingine ni ya pepo kumwingia mtu, na humo tumepata kupagawa. Aliyepagawa ni kama aliyetwikwa. Nafsi yake imechukuliwa na kitu ambacho si yeye. Angalia pia tua. Mpagazi hutua mzigo. Na kwa kitenzi kilo hicho tunapata tulia, tuliza, utulivu. Mtu mtulivu ni mtu aliyetua. Mwalimu anayetafuta maneno ya kumweleza mtoto hali ya hasira inayopanda na kushuka hana haja ya kukimbilia lugha za mbali.

Jina la Bagamoyo latufunza jambo gumu zaidi. Watu wengi hulieleza kwa maneno "bwaga moyo", na maelezo yenyewe ni mawili. Wengine husema kwamba ni neno la wapagazi waliofika pwani, wakabwaga mizigo na kupumzisha mioyo. Wengine husema ni neno la mateka waliofikishwa pwani kuuzwa, wakaiacha mioyo yao hapo kwa kukata tamaa. Hapa hatukusudii kuamua asili ya jina. Tunataka msomaji aone kwamba maneno ni yale yale mawili, na kwamba tofauti yote imo katika swali moja: ni nani anayesema? Tukimweka mpagazi katika nafsi ya kwanza, tunapata faraja. Tukimweka mtumwa, tunapata maombolezo. Kamusi peke yake haiwezi kuamua. Huo ndio moyo wa taaluma tunayoizungumza: maana ya usemi haikamiliki mpaka tumjue mwenye usemi.

Tena ipo methali inayostahili kuwekwa mlangoni mwa kila chuo cha ualimu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani mzigo alioubeba mwingine huonekana mwepesi kama sufi. Methali hii haimlaumu mtu kwa ukatili. Inamlaumu kwa kosa la kukisia: hajui uzito wa asichokibeba. Siku hizi wapo waandishi wanaotuhimiza "tuvae viatu" vya wenzetu ili tuwaelewe. Msemo huo umefasiriwa mzima mzima kutoka kwa watu wengine, na msikilizaji asiyeujua huanza kuwaza viatu. Wa kwetu upo, ni wa zamani, na una mantiki kali kuliko huo.

Kisa cha Utetera

Kitabu cha Kiswahili kilicho karibu zaidi na njia ya Tabora ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Heinrich Brode aliyachapisha maandishi yake mwanzoni mwa karne ya ishirini, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkazi wa Unyanyembe aliyeoa katika ukoo wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo huyu ni mwandishi aliyekulia kati ya pwani na Tabora, na nathari yake ni kavu, fupi, isiyopoteza muda kueleza hisia.

Wahakiki waliozoea riwaya wamezoea pia kuulaumu ukavu huo. Husema kwamba mtu hasemi alihisi nini. Sisi tunaona kwamba wanatafuta mahali pasipo. Nafsi katika kitabu hiki haielezwi kwa majina ya hisia. Huelezwa kwa vitenzi vya kusema, kukubali, kukataa, kuogopa, na kwa hila.

Mfano ulio bora ni kisa cha Utetera, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1870. Tippu Tip alipata habari kwamba mtawala mzee wa huko, Kasongo, alikuwa na dada waliotekwa zamani wakapelekwa Urua, wala hawakurudi. Akajitokeza na kudai kwamba yeye ni mzao wa mmoja wa dada hao. Mzee akasadiki, akampokea kama jamaa yake, akamwachia utawala. Na pamoja na utawala zikaja pembe za ndovu. Mwandishi mwenyewe anayasimulia hayo waziwazi, wala haoneshi kujutia.

Na tukitazame kisa hiki kwa macho ya mwanaistilahi. Ili hila ile ifanikiwe, msafiri alihitaji kujua mambo matatu: kwamba mzee hana habari za hakika, kwamba mzee anatamani sana habari fulani, na kwamba mzee, akiipata habari hiyo, ataiamini ingawa si ya kweli. Ni vigumu kupata mfano ulio safi zaidi wa mtu anayeisoma nafsi ya mwingine. Lakini hakuna atakayeliita jambo hilo huruma. Katika kitabu hicho hicho mateka na watumwa hupita kurasa kwa kurasa, na ni mara chache mno kuambiwa walikuwa wakiwaza nini. Mwandishi aliyejua kuisoma nafsi ya mtawala hakuwa na haja ya kuisoma nafsi ya aliyefungwa mnyororo.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza ya uhakiki wetu. Kuitambua nafsi ya mtu ni jambo moja. Kumjali ni jambo jingine. Vitabu vinavyofasiri yote mawili kwa neno huruma vinamdanganya msomaji. Tapeli wa mjini ni hodari wa kutambua, na hana huruma hata chembe. Mama anaweza kuwa na huruma tele kwa mwanawe, na bado akakosea kabisa kujua kinachomliza. Istilahi mbili zinahitajika.

Utani kama shule

Njia ya Tabora haikufundisha hila peke yake. Wanyamwezi na Wasukuma wana utani na makabila mengi yaliyo kando ya njia hiyo mpaka pwani, miongoni mwao Wazaramo. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika jarida la Africa mwaka 1944, na katika miaka ya 1970 habari zake zilikusanywa kwa wingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya Stephen Lucas. Asili za utani ni nyingi, vita ikiwa mojawapo. Lakini kwa msafiri asiye na ndugu njiani, manufaa yake ni dhahiri. Mtani alikuwa na haki ya kukutukana, na wajibu wa kukusaidia ukiugua na kukuzika ukifa. Hata leo mtani huweza kufika msibani akamwigiza marehemu, akazuia kaburi mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi.

Desturi hii ni shule ya kutambua nia. Mtoto anayekua akiuona utani hujifunza mapema kwamba maneno ni kitu kimoja na nia ni kitu kingine. Anasikia mjomba wake akiitwa mwizi, anamwona mjomba anacheka, na anang'amua kwamba msemaji hasadiki alisemalo, na kwamba mjomba anajua kwamba msemaji hasadiki. Hapo pana ngazi mbili za kutambuana, nazo hupandwa bila kitabu.

Lugha imeitunza elimu hiyo kwa kupambanua. Tunao utani, mzaha, dhihaka, kejeli na kebehi. Sentensi moja, "wewe ni tajiri sana", yaweza kuwa yoyote kati ya hizo. Mzaha hautaki kumuumiza mtu. Dhihaka inataka kumshusha. Kejeli inamaanisha kinyume cha inachotamka. Kebehi ina dharau ya wazi. Na utani una haki ya kijamii nyuma yake. Wafasiri wengi huyatumia maneno hayo kama yanayoweza kubadilishana nafasi. Mtumishi wa ofisi anayeandika malalamiko ya mfanyakazi na kubadili "alinidhihaki" kuwa "alinitania" amekwisha kutoa hukumu bila ya kuwa hakimu, kwa sababu amebadili nia ya mtuhumiwa.

Maneno madogo: kumbe, eti, dhania

Mwaka 1983 Wimmer na Perner waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti yake kabatini akatoka. Mama yake akaihamisha akaiweka kabati jingine. Waliuliza: mvulana akirudi ataitafuta wapi? Watoto wadogo sana walisema ataitafuta pale ilipo. Wenye umri mkubwa kidogo walisema ataitafuta pale alipoiweka. Mwaka 1991 Avis na Harris walichapisha jaribio la namna hiyo lililofanywa miongoni mwa Wabaka wa misitu ya Kameruni. Mtoto aliombwa akihamishe chakula wakati mpishi ametoka, kisha aliulizwa mpishi atakitafuta wapi. Watoto wakubwa miongoni mwao walijibu sawasawa. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la watoto wa Ulaya peke yao.

Lakini swali lenyewe hutamkwa kwa lugha, na lugha hazifanani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha watoto wasemao Kituruki, Kihispania cha Puerto Rico, Kireno cha Brazili na Kiingereza, ulionesha kwamba lugha yenye kitenzi mahsusi cha kuamini kimakosa huwasaidia watoto katika baadhi ya maswali hayo. Hapo sisi wa Kiswahili tunapaswa kusimama na kuhesabu mali yetu.

Tunacho dhania. "Nilimdhania Asha" maana yake si kwamba nilifikiri ni Asha tu. Maana yake ni kwamba nilifikiri hivyo na sivyo ilivyokuwa. Tunalo kumbe, ambalo husema kwa silabi mbili kwamba msemaji alikuwa akiamini jambo, na sasa amegundua kuwa si kweli. Tunalo eti, ambalo humwambia msikilizaji kwamba maneno yanayofuata ni ya mwingine na msemaji hayadhamini: "Anasema eti alikuwa mgonjwa." Tunacho kujifanya, na tunacho kujitia, kwa yule anayeonesha nje asichokuwa nacho ndani. Tuna shuku, kisia, ng'amua, tambua, baini na maizi, kila kimoja na kiwango chake cha uhakika.

La kusikitisha ni kwamba maneno haya ndiyo yanayofutwa kwanza katika Kiswahili cha ofisini. Mhariri hulikata kumbe kwa sababu "si rasmi". Mwalimu hulisahihisha eti kwa wino mwekundu. Dhania, shuku na kisia hugeuzwa zote kuwa "kufikiri". Hivyo maandishi yetu rasmi yanakuwa maskini pale ambapo mazungumzo yetu ni tajiri, na yanakuwa maskini katika jambo ambalo sheria inalihitaji zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inautambua utetezi wa mtu aliyetenda akiamini kwa dhati, kwa sababu za maana, lakini kimakosa, kwamba hali ya mambo ni fulani. Shahidi wa kijijini anayesema "nilimdhania mwizi" amekwisha kutamka sehemu kubwa ya utetezi huo kwa maneno mawili: aliamini, na alikosea. Karani akiandika "nilifikiri ni mwizi" amepoteza kukosea. Akiandika "nilimshuku kuwa mwizi" amepoteza kuamini. Hakimu atakayesoma jalada hilo miezi sita baadaye hatakuwa na njia ya kulirudisha kile kilichopotea.

Kwa haki, ni lazima tusifu pale panapostahili sifa. Maneno "kuua kwa kukusudia" na "kuua bila kukusudia" yamekwisha kuenea, na kila mtu anayaelewa. Yamefaulu kwa sababu yamejengwa juu ya kitenzi kinachojulikana sokoni na shambani. Hakuna aliyehitaji semina kuelezwa kukusudia ni nini. Jina la mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, uamuzi wa busara, ni mfano mwingine. Chama kilikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao wengi waliuona kuwa ni dharau. Zuberi Mtemvu alijitenga kwa ajili hiyo. Hoja ya waliokubali ilikuwa kwamba kususa kungewaachia wapinzani wao, chama cha UTP, uwanja mtupu. Kwa hiyo busara hapo haikuwa ukubwa wa elimu wala upole. Ilikuwa ni kupima mapema mwingine atafanya nini ukifanya hivi. Neno lilichaguliwa vizuri, na ndiyo sababu limedumu.

Mapendekezo

Kwa kipaji cha kutambua kwamba mtu ana nia, imani na matakwa yake, tunapendekeza umaizi wa nafsi. Kumaizi ni kutambua kwa kupambanua, na kupambanua ndiko hasa kunakotakiwa: hili ni langu, hili ni lake, hili najua mimi, hili hajui yeye. Panapohitajika kubainisha, yasemwe umaizi wa nafsi ya kwanza, yaani kujitambua, na umaizi wa nafsi ya tatu, yaani kumtambua mwingine. Wapo watakaosema kwamba neno maizi si la kila siku. Hilo ni kweli, na katika istilahi hiyo ni faida: halijachoshwa, wala halina tusi ndani yake. Hakuna mzazi atakayesikia mwanawe "amechelewa katika umaizi wa nafsi" akadhani ameambiwa kuwa mwanawe ni mpumbavu.

Kwa kujali, huruma ibaki kwa maana yake ya zamani ya kumwonea mtu uchungu. Lakini kwa ule uangalifu wa kulitazama jambo kwa upande wa mwenzio, tunapendekeza kitenzi kufikiriana. Kauli ya kutendana ina hekima yake: haimweki mmoja juu akimhurumia mwingine aliye chini. Jambo hili limepata uzito mpya. Mwaka 2012 Damian Milton, mtaalamu ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Wasio na usonji nao hushindwa kuzisoma nafsi za wenye usonji. Kiingereza kilihitaji msemo mpya kulieleza hilo. Kiswahili kinalo tayari katika kiambishi kimoja: hawaelewani. Tukisema "haelewi" tumemtwika mmoja mzigo wote. Tukisema "hawaelewani" tumeugawa.

Mwisho, tunawaomba wahariri na walimu waache kuyafukuza kumbe, eti na dhania katika maandishi pale yanapobeba maana ambayo neno jingine haliwezi kuibeba. Kanuni ya urasmi isiwe kisu cha kukatia maana.

Hitimisho

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia mwaka 1937 na kurudi huko kufundisha mwaka 1946, aliichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia hiyo imejaa watu wanaosomana nia: Cassius anamtupia Brutus barua za kughushi ili aamini kwamba wananchi wanamtaka, Antony anawasifu wauaji kwa maneno ambayo kila msikilizaji hatimaye anayageuza. Mfasiri wa kazi kama hiyo hawezi kufuata maneno bila ya kufuata nia, na kuirudia kwake baada ya miaka sita ni ushahidi kwamba kazi hiyo haiishi kwa mkupuo mmoja.

Ndivyo ilivyo kwa istilahi za nafsi. Hazitapatikana kwa kuketi na orodha ya Kiingereza na kujaza safu ya pili. Zitapatikana kwa kuuliza, kila mara, ni nani anayesema, anamsemesha nani, na anajua nini ambacho mwenziwe hajui. Mfasiri akiyauliza hayo kabla ya kuandika, na karani akiyauliza kabla ya kufupisha maneno ya shahidi, mzigo wa mwenzio utakoma kuonekana kanda la usufi.